Chama cha Marafiki Kilichoulizwa Swali: Habari za Rotary ya Chicago na Fundisho Lake kwa Wanaushirika

Kila mwisho wa msimu, mizani ikiisha kupumzika na hesabu zikiisha kufungwa, mkulima hukiuliza chama chake swali moja: tumepata nini? Ni swali la haki, wala hapana kiongozi mwema anayelichukia. Walakini liko swali la pili, ambalo huulizwa mara chache, na aghalabu huulizwa na mtu aliye nje ya chama: je, na jirani zenu wamepata nini?

Sasa Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, twaona yafaa kuwasimulia wasomaji habari za chama kingine, cha nchi ya mbali na cha watu wa kazi nyingine, ambacho kiliulizwa swali hilo la pili kikiwa bado kichanga. Chama hicho ni Rotary ya mji wa Chicago, huko Marekani. Leo jina lake lajulikana duniani kote kwa kazi za kujitolea na kwa michango, lakini hapo mwanzo hakikuwa chama cha namna hiyo hata kidogo.

Upweke wa mjini

Mwanzilishi wake alikuwa wakili, jina lake Paul Harris. Alizaliwa mwaka 1868, akalelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenziwe kwa jina. Mwaka 1896 alihamia Chicago kufanya kazi yake. Kazi aliipata, wateja akawapata. Kitu alichokikosa kilikuwa ni rafiki. Siku za kazi alizungukwa na maelfu ya watu, na siku ya mapumziko hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Kila mtoto wa shamba aliyepata kwenda mjini kutafuta maisha ataelewa jambo hili pasipo maelezo mengi.

Tarehe 23 Februari 1905 Harris alikutana na watu watatu katika ofisi ya mmoja wao. Gustavus Loehr, mwenye ofisi, alikuwa mhandisi wa migodi. Silvester Schiele alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Na Hiram Shorey alikuwa fundi wa kushona nguo. Wakakubaliana kuanzisha chama. Wanachama wangekutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule, na kutokana na kuzunguka huko ndipo chama kilipopata jina la Rotary. Schiele akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kwanza.

Ulikuwa urafiki wa kweli. Waliitana kwa majina yao ya utotoni, bila ya mabwana wala vyeo. Harry Ruggles, mpiga chapa aliyejiunga mapema, aliwazoesha kuimba pamoja mikutanoni, na desturi hiyo ikaenea. Lakini urafiki huo ulikuwa na faida ya mfukoni pia. Kila kazi iliwakilishwa na mtu mmoja tu: wakili mmoja, mpiga chapa mmoja, muuza makaa mmoja, na wanachama walitazamiwa kupelekeana biashara wao kwa wao. Katiba ya kwanza, ya mwaka 1906, ilitaja makusudi mawili tu: kuendeleza biashara za wanachama, na kudumisha urafiki mwema kati yao.

Tusiwacheke. Hata Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walianza kwa kutafuta unga na siagi vya bei ya haki kwa ajili ya nyumba zao. Nao wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama chao mwaka 1925 na kukigeuza kuwa Chama Kikuu cha Ushirika mwaka 1933, walitaka kwanza kuilinda kahawa yao na kuiuza vizuri. Hapana chama cha watu wa kawaida kilichoanza kwa kumpa mgeni kabla ya kuwatosheleza wenyewe. Neno la kuulizwa ni kama chama kitabaki hapo hapo kilipoanzia.

Swali la mgeni

Katika mwaka huo huo wa 1906, mwanachama mmoja aitwaye Frederick Tweed alimwendea Donald Carter, wakili wa mambo ya haki za wavumbuzi, kumshawishi aingie chamani. Akamweleza uzuri wote: urafiki, nyimbo, na biashara itakayoongezeka. Carter akaisoma katiba, kisha akakataa. Alisema kwamba chama kinachowafanyia mema wanachama wake peke yao hakina maisha marefu, na kwamba yeye hakuona katika katiba ile jambo lolote la kumfaa mtu asiye mwanachama.

Hapa ndipo ilipoonekana hekima ya Tweed. Angaliweza kukasirika, au kumwambia mgeni kwamba mambo ya nyumba si yake. Badala yake alikubali kwamba Carter amesema kweli, akamwomba aingie ili akatunge mwenyewe kifungu kilichokosekana. Carter akaingia, na kabla ya mwaka kwisha katiba ikapata kusudi la tatu: kuendeleza mambo mema ya mji wa Chicago, na kutia katika raia wake moyo wa kuupenda na kuutumikia mji wao.

Kifungu kimeandikwa; lakini sote twajua kwamba kifungu si kazi. Vyama vingi vina vifungu vizuri ambavyo havijapata kusomwa tangu siku vilipopigwa chapa.

Mwaka wa 1907

Mwezi wa Februari 1907 Harris mwenyewe alichaguliwa kuwa mwenyekiti, naye akaazimia kukitia uhai kifungu kile. Jambo alilolichagua halikuwa la fahari. Lilikuwa choo.

Katika siku zile, mtu aliyeshikwa na haja katikati ya Chicago alikuwa na taabu. Mwanamume aliingia kilabu cha pombe, na akiisha kuingia ilimbidi anunue glasi ya bia kwa ajili ya adabu. Mwanamke aliingia duka kubwa, naye alitazamiwa kununua chochote. Asiye na fedha, au asiyetaka pombe, alijua mwenyewe atakavyofanya. Rotary ikashika jambo hili: vijengwe vyoo vya watu wote, visivyomdai mtu kitu.

Upinzani ukainuka, nao ulitoka kwa watu wenye nguvu. Watengenezaji wa bia walisema kwamba vilabu vya pombe elfu kadhaa vya mji vilikwisha kumtosheleza kila mwanamume. Wenye maduka makubwa wakasema vivyo hivyo juu ya wanawake. Sababu yao ilikuwa wazi: haja ya mwenziwe ilikuwa ni biashara kwao.

Basi Rotary ilifanya nini? Haikutoa fedha, kwa maana haikuwa nazo. Wala haikujaribu kupigana peke yake. Iliviita vyama vingine vya mji, ikaketi navyo katika shauri moja, kisha wote wakalipeleka neno lao mbele ya wakuu wa mji, wakarudi tena, na tena. Wafanyabiashara hawa walitoa kitu ambacho kwao kilikuwa ghali kuliko dola, yaani saa zao za kazi. Iliwachukua miaka 2. Mwaka 1909 kituo cha vyoo, kilichogharimu dola 20,000, kilikuwa kimesimama karibu na jumba la baraza la mji.

Tusifikiri kwamba chama chote kilishangilia. Walikuwako wanachama walionung'unika kwamba wao waliingia kwa ajili ya urafiki na biashara, si kwa ajili ya kuhangaikia vyoo vya mji wala kueneza chama katika miji mingine. Ugomvi ulizidi hata Harris akakiacha kiti mwaka 1908 kabla ya muda wake kwisha, naye Ruggles, yule mpiga chapa mwenye nyimbo, akakishika. Hata hivyo kazi haikufa pamoja na uenyekiti. Mwaka huo huo chama cha pili kilianzishwa San Francisco, na kufika mwaka 1910 vilikuwako vyama 16. Mwaka 1930 Rotary ilifika Nairobi.

Senti za kwanza

Michango ilikuja baadaye, nayo ilikuja polepole. Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa mkuu wa Rotary wakati huo, alishauri uwekwe mfuko wa kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka kwa chama cha Kansas City mwaka 1918, na kiasi chake kilikuwa dola 26 na senti 50. Kwa miaka mingi mfuko huo ulibaki mdogo. Harris alipofariki mwezi wa Januari 1947, wanachama wa nchi nyingi walichanga kwa kumkumbuka, na kwa fedha hizo wanafunzi 18 wakapelekwa kusoma katika nchi za kigeni.

Ilipofika mwaka 1979 Rotary ilianza kuwachanja watoto milioni 6 wa Ufilipino dhidi ya ugonjwa wa polio, ule unaopooza viungo. Mwaka 1985 wanachama waliazimia kuchanga dola milioni 120 ili kazi hiyo ienee duniani. Kufika mwaka 1988 walikuwa wamekusanya dola milioni 247. Mwaka huo watoto waliokuwa wakipoozeshwa na polio walikadiriwa kuwa 350,000 kwa mwaka. Fedha pekee zisingaliweza kitu. Walihitajiwa watu wa kubeba masanduku ya barafu, wa kwenda nyumba kwa nyumba, na wa kuwaeleza wazazi wenye shaka. Wasomaji wetu wengi wanazikumbuka siku zile za chanjo: matone mawili mdomoni mwa mtoto, na wino kidoleni. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba virusi vya asili vya polio vimekomeshwa katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Vita havikwisha siku hiyo, kwa maana mwaka 2022 ilibainika kwamba virusi hivyo vimeingia Malawi na Msumbiji kutoka nje. Lakini idadi ya watoto waliookolewa haina mfano.

Mlango uliofungwa

Historia ya kweli haifichi kasoro. Chama hiki kilichofungulia mji vyoo kilifunga mlango wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kiliingiza watu kwa kuwachagua, na wanawake hakikuwataka. Chama cha Duarte, katika California, kilipowaandika wanawake mwaka 1977, kilifukuzwa. Shauri likaenda mahakamani, hata Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mwaka 1987 kwa upande wa wanawake, na mwaka 1989 Rotary ikabadili kanuni yake kwa dunia nzima.

Katika jambo hili ushirika haukuwa mwanafunzi. Huko Rochdale mwanamke, Eliza Brierley, aliandikwa uanachama mwaka 1846, na mlango wa wazi ni kanuni ya ushirika tangu zamani. Kwa hiyo tusiige mlango wa Rotary. Tuige kazi ya mwaka 1907.

Fundisho kwetu

Mwaka 1995, katika mkutano wa Manchester, Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani uliongeza kanuni ya saba, ya kuijali jamii. Ni jibu lile lile la Carter, likiwa limechelewa kidogo kufika kwetu. Lakini hata kabla ya kanuni hiyo kuandikwa wazee wetu waliijua. Msaragambo wa kuchimba mfereji au kulima njia haukuuliza nani ni mwanachama. Maji yalipita katika kila shamba.

Basi yatupasa nini katika miaka 10 ijayo? Kwanza, tuchague jambo moja dogo linalomtaabisha kila mtu, hata asiyeuza mazao kwetu. Pengine halipo mbali. Tazameni mahali pa kupimia mazao msimu unapopamba moto: mama amesimama foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni, je, pana choo? Pana maji ya kunywa? Pana kivuli? Pili, tusilitende peke yetu. Shule ipo, kanisa lipo, msikiti upo, halmashauri ipo. Tuwaite kama Rotary ilivyoviita vyama vya Chicago.

Tatu, na hili ni zito, fedha ya wema itoke kwa ridhaa. Mkulima anajua uchungu wa kukuta malipo yake yamepunguzwa pasipo kuulizwa. Mchango usiokubaliwa mkutanoni si mchango, ni makato, hata kama umejenga shule. Jambo na liletwe mbele ya mkutano mkuu, lijadiliwe, lipigiwe kura, na hesabu yake isomwe mwaka unaofuata mpaka senti ya mwisho. Dola 26 na senti 50 zilizotolewa kwa hiari zilizaa mamilioni.

Mwisho, tusiudharau urafiki. Wale watu wa Chicago waliweza kuyastahimili manung'uniko ya miaka 2 kwa sababu walikuwa wamekula pamoja na kuimba pamoja kabla ya kufanya kazi pamoja. Nasi tunapokusanyika kwa sherehe hii ya miaka 10, tule, tuimbe, tusalimiane. Kisha, kabla hatujatawanyika, na asimame mtu mmoja aulize swali la Carter. Na katibu aliandike katika kumbukumbu, ili mkutano mkuu ujao tutakapouliza tumepata nini, tuweze pia kusema jirani zetu wamepata nini.