Mkunga wa Whitechapel: Muuaji Asiyejulikana katika Sura ya Mwanamke

Kiswahili hakimlazimishi msimulizi kutaja jinsia ya mtendaji. Akisema kuwa muuaji alikuja, akaua, akatoweka, msikilizaji hajui bado kama ni mwanamume au ni mwanamke. Kiingereza hakitoi nafasi hiyo kwa wepesi, na katika mkasa wa London wa mwaka 1888 jambo lilikwisha amuliwa na jina lenyewe: Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji.

Wanawake watano ndio wanaohesabiwa na watafiti wengi kuwa waliuawa kwa mkono mmoja: Mary Ann Nichols tarehe 31 Agosti, Annie Chapman tarehe 8 Septemba, Elizabeth Stride na Catherine Eddowes usiku mmoja wa tarehe 30 Septemba, na Mary Jane Kelly tarehe 9 Novemba. Muuaji hakupatikana. Jina lake lilitoka katika barua iliyoandikwa tarehe 25 Septemba na kupelekwa kwenye shirika la habari, barua ambayo watafiti wengi huiona kuwa ni kazi ya mwandishi wa habari aliyetaka kukoleza moto. Kwa hivyo uanaume wa muuaji ulienea magazetini kwa jina la kubuni. Hata hivyo, haki isemwe: wapo mashahidi waliodai kuwaona baadhi ya marehemu wakiwa na mwanamume muda mfupi kabla ya mauti.

Mnamo mwaka 1939 William Stewart alichapisha kitabu kilichogeuza kibao. Muuaji, kwa maoni yake, alikuwa mkunga. Nani mwingine angeweza kutembea usiku wa manane asiulizwe, akawa na damu nguoni isimshangaze mtu, na akaujua mwili wa mwanamke? Hoja hiyo iliegemea ushahidi wa Caroline Maxwell, aliyeapa mbele ya baraza la uchunguzi kuwa alizungumza na Mary Jane Kelly asubuhi baina ya saa mbili na saa mbili na nusu, ilhali madaktari waliamini kuwa Kelly alikwisha kufa saa kadhaa kabla. Tena katika majivu ya chumba cha marehemu yalikutwa mabaki ya nguo za kike. Stewart akayaunganisha hayo: muuaji alichoma nguo zake zilizolowa damu, akatoka amevaa za Kelly. Lakini rafiki wa marehemu, Maria Harvey, alikwisha eleza kuwa aliacha nguo kadhaa chumbani humo. Majivu yalikuwa na maelezo mepesi zaidi.

Watunzi wa hadithi hawakuhitaji ithibati. Katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1971, *Dr. Jekyll and Sister Hyde*, daktari hunywa dawa akageuka mwanamke, na mauaji ya Whitechapel yakawa yao wote wawili. Mwaka 2012 John Morris naye alimtuhumu Lizzie Williams, mke wa daktari mashuhuri, kwa hoja kwamba utasa ulimtia chuki dhidi ya wanawake waliojaaliwa uzazi.

Hapa ndipo penye kasoro ya masimulizi haya. Muuaji akiwa mwanamume, hupewa sababu za kila aina: wazimu, siri za ufalme, elimu ya upasuaji. Akiwa mwanamke, sababu hurudi pale pale kwenye tumbo la uzazi: ama ni mkunga, ama ni tasa. Na mkunga alikuwa shabaha rahisi, kwani Uingereza haikuwa na sheria ya kuwasajili wakunga hadi mwaka 1902. Mwanamke fukara aliyewazalisha mafukara wenziwe hakuwa na cheti wala chama cha kumtetea.

Pamoja na hayo, dhana hii ina faida moja. Inaonyesha kuwa mtu huweza kufichwa na mazoea ya watazamaji kuliko na giza la usiku. Ila mazoea hayo hayo yaliwafunika pia waliouawa. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alitoa kitabu juu ya maisha ya hao watano, akaonyesha kuwa kwa watatu kati yao hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwaita makahaba, ijapokuwa jina hilo lilikuwa limewaganda kwa zaidi ya karne. Nichols alikuwa mama wa watoto watano. Usiku wa kifo chake alikosa peni nne za kulipia kitanda. Stride, mzaliwa wa Sweden, aliwahi kuendesha mkahawa pamoja na mumewe.

Mwandishi anayemvisha muuaji gauni bado anamshughulikia muuaji. Jina lake halijulikani hadi leo, wala halitabadilisha kitu likijulikana. Majina matano yanajulikana, na kwa baadhi yao pia umri, waume na watoto waliowaacha. Hadithi ya mwanamke wa Whitechapel ingeanzia hapo.