Je, Simba wa Nyika Alipotea? Wilson Peter Kinyonga na Historia ya Fasihi Yetu

Ukishuka kutoka Lushoto kwa basi, kona baada ya kona, unafika Mombo na joto linakupokea. Sisi tuliozaliwa mlimani tunajua kwamba hapo umetoka Shambaai, umeingia nyika. Maneno haya mawili yamebeba mengi. Shambaai ni kwenye mvua, migomba na ndugu. Nyika ni kwenye jua kali, wanyama wakali na watu ambao hujui wametoka wapi. Kijana akikaa huko miaka mingi bila kurudi, basi huyo amepotea.

Makala haya yanauliza swali moja tu: je, Wilson Peter Kinyonga, mpiga gita na kiongozi wa bendi ya Simba Wanyika, alipotea?

Kwanza tumtazame mwenyewe. Wilson na nduguye George walianzia muziki mjini Tanga, na mwaka 1966 wakajiunga na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walikwenda Arusha, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka kuingia Kenya, wakajiita Simba Wanyika. Hatimaye makao yao yakawa Nairobi. George alifariki mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikafa naye.

Hivi kwa nini waondoke? Jibu la haraka ni tamaa ya fedha, lakini hilo halitoshi. Tukumbuke hali ya kazi yenyewe. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilirekodi bendi na kuzirusha hewani. Wimbo ulisikika nchi nzima, kisha utepe ukarudi kabatini. Bendi iliyotaka santuri ya kuuzwa dukani ilitegemea makampuni na viwanda vya Nairobi. Hata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, nguli aliyebaki na makao yake nyumbani, santuri zake zilipitia huko. Tena bendi kubwa kadhaa, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilikuwa za taasisi. Mwanamuziki alipata mshahara, lakini vyombo havikuwa vyake. Jambo hilo lilikuwa na heri yake, maana mshahara ni mshahara. Lakini kiongozi aliyetaka kuitwa mwenye bendi, na kuona kazi yake ikiuzwa mkononi mwa watu, alijua njia inaelekea wapi.

Sasa tuyatazame majina, kwani mhakiki akipuuza jina amepuuza nusu ya matini. Jamhuri Jazz hapo awali iliitwa Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha watu wa magharibi waliokuja Tanga kufuata mkonge. Kabila likawa Jamhuri: hiyo ni historia ya uhuru kwa neno moja. Baada ya Jamhuri wakajiita kwa jina la mji, Arusha. Baada ya mji, nyika. Kabila, taifa, mji, nyika: kila hatua inamtoa msanii kwenye himaya ya mtu mwingine, mpaka anafika mahali pasipo na mwenyewe. Sidai kwamba Wilson alikuwa akiwafikiria Wasambaa alipochagua jina lile. Nasema tu kwamba Msambaa akilisikia hawezi kulipita hivi hivi.

Hawezi kwa sababu mfalme wetu aliitwa Simba Mwene. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, Mbegha ni mwindaji wa Ngulu. Anaitwa kigego, ananyimwa urithi, analazimika kukimbia. Anaingia Usambara akiwa na mbwa, silaha na ujuzi wake. Anawapa watu nyama, wao wanampa chakula cha shambani. Anaua simba, na Vugha inampokea awe mtawala. Jamani, nasaba nzima ya Wakilindi ilianza na mtu ambaye kwao walimhesabu kuwa amepotea!

Wapo wenzangu watakaosema nalazimisha ulinganisho kati ya mfalme na mpiga gita. Tofauti zipo. Mbegha alioa katika vijiji, na wana wake wakawa watawala huko, hivyo utawala ukashikwa na damu. Kiongozi wa bendi hana kamba ya namna hiyo. Mwaka 1978 wanamuziki muhimu wa Simba Wanyika, akiwemo Omar Shabani wa gita la rizim na Tom Malanga wa besi, walijitenga na kuunda Les Wanyika, ambako John Ngereza aliimba. Issa Juma naye akaja kuwa na Super Wanyika Stars yake. Kwa mwenye bendi hilo ni pigo. Wilson alitafuta wengine na kuendelea miaka kumi na saba zaidi.

Lakini angalieni: walioondoka waliondoka na jina. Wote walibaki Wanyika. Hapo ndipo ulinganisho unaporudi, kwani Wakilindi nao walipogawanyika baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Semboja alipata nguvu zake Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, huku akibaki Mkilindi. Nguvu zilikuwa zimehamia nyikani. Kila zama biashara inapohama, wenye vipaji huhama nayo.

Na fasihi je? Chukua Sina Makosa wa Les Wanyika. Msemaji anajitetea mbele ya mtu mwenye hasira, ugomvi wenyewe ukiwa juu ya mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao. Mshtaki hasikiki hata mara moja. Sisi wasikilizaji tunageuzwa baraza. Huo ni ufundi wa tamthilia ndani ya wimbo, na waliouunda wengi wao walipikwa katika bendi ya Wilson. Lugha yao, Kiswahili cha kawaida kisicho cha kabila lolote, iliwafikia Wakenya wa makabila yote.

Hata hivyo katika uhakiki wetu tunamsoma Shaaban Robert wa Tanga, tena kwa haki, lakini Wilson wa Tanga anabaki nje ya mlango. Watanzania twaweza kusema ni wa Kenya. Wakenya waweza kusema ni Mtanzania. Hivyo ndivyo msanii anavyopotea kweli: hapotei njiani, hupotea katika mitaala ya waliobaki.

Kwa kumalizia, napendekeza kozi zetu za fasihi simulizi zisiishie kwenye ngoma na tenzi. Zichukue pia santuri, zinakili maneno, ziulize nani alitunga na kwa nini alihama. Barabara ya Tanga kwenda Arusha hupita Mombo na Mazinde, chini kabisa ya milima yetu. Tukiwa huku juu tunaiona vizuri, na aliyeifuata tukiendelea kumwita mpotevu, basi Mbegha naye tumwite hivyo hivyo.