Inchi na Milimita: Njia ya Kerezo Hadi Kinindo

Katika ua mmoja wa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, kuna kerezo la chuma la Kiingereza ambalo bado linazunguka vizuri. Skrubu yake ndefu, ile inayokisukuma kisu kando ya kazi, ina hesi 8 katika kila inchi. Kinachokosekana ni kifaa kidogo cha ubavuni: kigurudumu chenye meno kinachoumana na skrubu hiyo na kuuzungusha uso wenye alama, mfano wa saa. Bila saa hiyo ya hesi, ni shida fundi kuifungua nati inayovuta kisu, akarudi mwanzo na kuangukia tena mfuo uleule. Humbidi aiache nati imefungwa, ageuze mota, arudi nyuma taratibu, aanze upya, na hivyo hivyo mpaka hesi ipate kina chake.

Mwenye kerezo anataka kulitengenezea saa hiyo. Mimi nilitaka kwanza kujua inchi imefikaje hapa, katika mji uliolelewa na Wabelgiji, watu wa milimita.

Jibu liko katika Ziwa Tanganyika. Ukishika barabara ya Rumonge kutoka Kinindo, baada ya kilomita chache unafika Mugere, penye jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakapiga kasia mpaka ncha ya kaskazini kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Enzi hizo kila kipande cha chuma kutoka pwani kilisafiri juu ya kichwa au bega la mpagazi, kwa hiyo mashine nzito haikuwa na njia.

Njia ilifunguka mwaka 1914, reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma. Mzigo wake mashuhuri ulikuwa meli nzima: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, na kuunganishwa upya Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Hakuna hadithi ya chuma inayonigusa zaidi katika ukanda huu. Meli iliyokuwa imezama ilifufuliwa kandokando ya ziwa, mbali kabisa na kiwanda kilichoizaa.

Wabelgiji nao walikuwa wameingia Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, Juni 1916. Reli ikaishia mikononi mwa Waingereza. Mkataba wa Machi 1921 ukawapa Wabelgiji maeneo yao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Tangu hapo mji wa milimita ulipokea shehena kupitia nchi ya inchi. Kiswahili kilisafiri njia hiyohiyo, na ndiyo maana Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wa gereji na wachomeaji vyuma, umebaki mtaa wa Waswahili hadi leo.

Mgawanyiko wenyewe ulianzia Ulaya. Mnamo mwaka 1800 Henry Maudslay wa London aliunda kerezo lenye skrubu ndefu na gia za kubadilisha, hesi zikaanza kufanana. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwake, alikusanya bolti za karakana mbalimbali za Uingereza na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja: mfuo wenye pembe ya nyuzi 55, idadi ya hesi ikihesabiwa kwa inchi. Mwaka 1898 wajumbe wa nchi za Ulaya walikutana Zurich wakakubaliana juu ya hesi ya milimita, nyuzi 60. Bolti za kambi hizi mbili zinaweza kutazamana kama ndugu, na nati ikashika mizunguko miwili kabla ya kukwama.

Lakini Whitworth hakuhama Burundi. Yumo ndani ya kuta za nyumba za Kinindo, kwa kuwa hesi za mabomba ya maji zilibaki zake hata katika nchi za milimita. Bomba ambalo Wafaransa huliandika 15/21 ni nusu inchi ileile, hesi 14 kwa inchi. La inchi moja lina 11. Kwa kazi hiyo saa ya hesi inalipa gharama yake. Kigurudumu cha meno 16 kwenye skrubu ya hesi 8 huzunguka mara moja kwa kila inchi mbili. Ukichora alama nne usoni, hesi 14 unaifungia nati kwenye alama yoyote. Hesi 11 unashika alama uliyoanzia au ile inayotazamana nayo. Na 16 ni idadi rahisi kwa fundi: unaligawa duara nusu kwa nusu kwa bikari, basi.

Kwa bolti za milimita saa hiyo haisaidii kitu kwenye skrubu ya inchi. Nati lazima ibaki imefungwa mpaka mwisho. Huko kinachohitajika ni gia ya meno 127, kwa sababu inchi, tangu makubaliano ya 1959, ni milimita 25.4 kamili, na 127 ni nusu ya 254. Ukitaka hesi ya milimita 1.5, uwiano ni 60 kwa 127. Tatizo ni kwamba 127 haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Wengi hujiokoa kwa gia za meno 47 na 37. Kosa lake ni kama milimita 0.2 katika mita nzima, na kwa bolti fupi silioni kuwa kosa la kuogopwa.

Ningemshauri aanze na saa, maana mabomba hayangoji. Gia ya 127 ifuate, na kuigawa hakuhitaji mtambo wa kuagizwa. Achonge duara la ubao lenye kipenyo cha sentimita 40 na nusu hivi, alipunguze kidogo kidogo mpaka utepe wa kupimia ulizunguke kwa sentimita 127 kamili, kisha aufunge hapo. Kila sentimita ni jino moja. Upande wa pili wa utepe huo mzunguko utasomeka inchi 50 barabara.