Darasa la Vifuu: Jinsi Pwani Ilivyofundisha Watoto kwa Vitu vya Bure

Kabla madaftari hayajaenea Pwani, mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja alikwenda chuoni kusoma Kurani, ubao wake kwapani. Wino ulikuwa wa masizi, kalamu ilichongwa kwa tete. Aya ikishakaa kichwani, ubao ulioshwa, ukaanikwa, ukaandikwa nyingine. Ubao mmoja ulitosha miaka, na mkubwa akihitimu aliweza kumwachia mdogo wake. Mwalimu naye hakungoja mshahara wa mwisho wa mwezi: wazazi walimpa walichojaliwa, na wanafunzi wakamtekea maji na kumwokotea kuni.

Kwa gharama, ni shule chache zilizoishinda ile. Ila chuo kilikuwa na kazi yake, nayo ni kusomesha Kurani. Kufikia miaka ya 1980 wazazi wengi Waislamu wa Mombasa walikuwa wakilalamika kwamba watoto wao wakiingia darasa la kwanza huwakuta wenzao waliopitia chekechea wameshatangulia. Kumpeleka mtoto chekechea nako kulikuwa na mashaka mawili: karo, na hofu kwamba atakosa malezi ya dini. Basi wengi walibaki na chuo peke yake, na pengo likabaki palepale.

Mwaka 1982 Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, alipozuru Kenya, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimfikishia kilio hicho. Taasisi yake ya maendeleo ikaanza kutafuta njia, na kazi yenyewe ikamwangukia mwalimu wa hukuhuku, Bi Swafiya Said. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Liwatoni, Mombasa. Haikuvunja chuo wala kushindana nacho. Iliingia chini ya paa la madrasa, ikachanganya dua, nyimbo za Kiswahili na michezo ya kujifunzia.

Mbinu waliyoiegemea ilitoka mbali. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, David Weikart na wenzake walianza mwaka 1962 kuwafundisha watoto wadogo wa familia maskini za Wamarekani Weusi kwa utaratibu uliokuja kuitwa HighScope. Darasa hugawanywa kona. Rafu huwekwa chini ili mtoto afikie mwenyewe. Kila siku mtoto hupanga anachotaka kufanya, hukifanya, kisha huwaeleza wenzake alichofanya. Mwalimu hasimami mbele akiimbisha a-e-i-o-u mchana kutwa. Hukaa chini pamoja nao na kuuliza maswali.

Mpangilio huo Mombasa iliuchukua, lakini vifaa vya dukani ikaviacha. Na hapo ndipo Pwani ilipotoa chake. Mnazi peke yake ulitosha kujaza nusu ya darasa: vifuu vya kuchotea mchanga, makuti ya kusuka, kumbi za kusugulia, upawa na kata kwa kona ya nyumbani. Ufukweni kulikuwa na makombe na simbi za kupanga kwa rangi na ukubwa. Kwa fundi seremala kulikuwa na vipande vya mbao vinavyotupwa, ambavyo vikipigwa msasa huwa matofali ya kujengea. Vizibo vya soda vilihesabiwa, maboksi yakageuka maduka, kanga kuukuu zikashonwa wanasesere. Kina mama ndio waliokuwa mafundi wakubwa wa kazi hii, na kwa haki: nani mwingine kijijini alijua kusuka ukili na kushona kwa wakati mmoja?

Aliyedhani kwamba haya ni ya kuziba tundu la umaskini hakuitazama kazi vizuri. Mpe mtoto vifuu vitatu vya ukubwa tofauti na beseni la mchanga. Atagundua mwenyewe kwamba vifuu vidogo kadhaa hujaza kimoja kikubwa, na siku akiambiwa kwamba vibaba vinne ni pishi moja, hatahitaji kukariri. Kifaa cha plastiki kutoka ng'ambo kingemfundisha jambo lilelile, lakini kingefungiwa kabatini kisije kikavunjika. Kifuu kikivunjika, kingine kipo jikoni.

Mpango ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990, ukaingia Uganda mwaka 1993, na baadaye ukawa na chekechea zaidi ya mia mbili katika nchi hizo. Kila kijiji kiliunda kamati yake, kikatoa chumba na kuchagua walimu, aghalabu wasichana wa palepale ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ukilinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kwamba waliosoma chekechea hizi walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko waliosoma chekechea nyingine na waliobaki nyumbani.

Siri haikuwa kwenye vifuu. Kila shule ilikuwa na mkufunzi aliyeitembelea mara kwa mara, akakaa darasani, akamwonyesha mwalimu kijana namna ya kuuliza swali na lini anyamaze. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka miwili kabla shule haijaachiwa isimame yenyewe.

Mkufunzi wa kutembea hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Jeanes School huko Kabete, karibu na Nairobi. Jina lilitokana na Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyeacha fedha za kusaidia shule za vijijini za Wamarekani Weusi kusini mwa nchi yake. Waliohitimu Kabete walizunguka shule za vijijini wakiwasaidia walimu kufundisha kwa vitu vilivyowazunguka. Nia ya wakoloni ya kumfunga Mwafrika kwenye elimu ya kijijini ina lawama zake, na wazazi wengi waliiona mapema. Lakini utaratibu wa kumfuata mwalimu alipo ulikuwa na akili.

Tanzania nayo ilijaribu kufundisha kwa vitu vya bure, tena kwa nchi nzima. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani kufikia 1977. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakijifunza kazi huku wakifundisha. Zana za kufundishia zilipaswa kutoka kwenye mazingira, sawasawa na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Watoto waliingia shuleni kwa wingi, na hilo ni jambo la kujivunia. Wakufunzi ndio waliopungua, na madarasa yakafurika. Chati za manila na vijiti vya kuhesabia katika shule nyingi vikawa vitu vya kutoa siku anapokuja mkaguzi.

Leo kona zimerudi kwa nguvu ya wizara. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa 2016 ulizitaka katika kila darasa, na Kenya tangu 2019 inatekeleza mtaala wa umilisi unaohimiza vifaa vya kuokoteza. Huko Kenya wazazi wamepiga kelele, na wana sababu: kazi iliyokusudiwa kufanywa kwa majani na maboksi huishia kuwa picha za rangi za kuchapisha kwenye mikahawa ya intaneti, kila ukurasa na bei yake. Mwalimu mwenye watoto themanini, ambaye hakuna aliyekaa naye darasani hata asubuhi moja kumwonyesha, hana jingine la kufanya ila kuwatuma kwa mama zao. Wizara zikitaka kona hizi zifanye kazi, ziweke kwenye bajeti nauli ya mkufunzi kabla ya bei ya chati.