Mvinyo Mwekundu wa Italia: Sheria, Ulaghai na Mapipa

Mwaka 1716, Cosimo III wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri ya kuweka mipaka ya maeneo manne ya mvinyo: Chianti, Pomino, Carmignano na Valdarno di Sopra. Alitaka kukomesha ulaghai katika mvinyo uliokuwa ukiuzwa ng'ambo. Tangu hapo mambo yamekwenda vivyo hivyo: walaghai hutangulia, sheria hufuata nyuma, na mara nyingine sheria yenyewe ndiyo inayoharibu.

Karne moja na nusu baadaye, Italia ilipoungana, waziri mkuu wake wa kwanza, Cavour, alikuwa na mashamba ya mizabibu huko Grinzane, jirani na kijiji cha Barolo. Aliyempokea madaraka, Bettino Ricasoli, alikuwa mkulima wa zabibu pia, tena mkaidi wa utafiti. Mwaka 1872 Ricasoli aliandika barua kueleza alichokigundua katika ngome yake ya Brolio. Zabibu ya Sangiovese ndiyo inayoupa Chianti harufu na nguvu. Canaiolo hupunguza ukali wake. Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, huufanya mvinyo uwe mwepesi wa kunywewa mapema. Kwa mvinyo wa kuhifadhiwa miaka mingi, alisema, Malvasia afadhali iachwe.

Onyo hilo halikusikilizwa. Kanuni za Chianti za mwaka 1967, zilizotokana na sheria ya mvinyo ya 1963, ziliwalazimisha wakulima kuchanganya zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30. Mvinyo ukawa mwepesi kama maji, na wenye mashamba makubwa walinufaika kwa wingi wa chupa. Mtengenezaji mvinyo Piero Antinori alichoka. Mvinyo wake wa Tignanello, wa mavuno ya 1971, aliutoa bila jina la Chianti. Huko Bolgheri, karibu na bahari, Mario Incisa della Rocchetta alikuwa ameshapanda Cabernet ya Kifaransa, na Sassicaia yake ya 1968 ikaingia sokoni ikiwa na lebo ya "mvinyo wa mezani", daraja la chini kabisa kisheria. Bei yake ilizipita chupa nyingi zenye mihuri ya serikali. Nani basi alikuwa anamlinda mnywaji?

Jibu baya zaidi lilikuja mwaka 1986, pale mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli ulipoua watu zaidi ya 20 na kuwapofusha wengine. Sheria mpya ya 1992 iliongeza daraja la IGT, yaani mvinyo unaotambulishwa kwa eneo ulikotoka, ambalo liliwapa wale waasi wa Toscana mahali pa kukaa.

Kanuni zilizoshinda majaribu, kwa maoni yangu, ni zile za muda, kwa sababu zinatokana na zabibu yenyewe. Nebbiolo ya Piemonte huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, ukungu ukiwa umetanda vilimani, na mvinyo wake mchanga una ukakasi unaoukausha ulimi. Ndiyo maana Barolo hungoja miezi 38, 18 kati yake ndani ya pipa la mbao. Barbaresco, ulio laini kidogo, miezi 26. Brunello di Montalcino, unaotokana na Sangiovese tupu, hauruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na angalau miaka miwili huimalizia pipani.

Wakulima wa eneo la Valpolicella wana njia yao. Vishada vya Corvina na Rondinella hutandazwa juu ya chanja kwenye maghala yenye upepo, vikakaa miezi mitatu au minne hadi vinywee na kubaki na sukari nzito. Vikikamuliwa hapo ndipo hupatikana Amarone, mvinyo mkali wa kileo kinachoanzia asilimia 14. Kusini kulidharauliwa muda mrefu. Mvinyo wa Puglia ulisafirishwa kwa wingi kwenda kuupa nguvu mvinyo wa kaskazini. Lakini Aglianico ya Taurasi, huko Campania, hukaa miaka mitatu kabla ya kuuzwa na haioni haya mbele ya Barolo.

Kwa hiyo ukikuta neno "riserva" kwenye chupa ya Barolo, ujue imengojewa si chini ya miezi 62. Muhuri utakwambia ilikotoka na muda iliokaa. Kama ni tamu kwako au la, onja mwenyewe.