Semmering: Mlima wa Kupita, Mlima wa Kutembea

Anayesafiri kutoka Vienna kwenda kusini hukutana na Milima ya Alps baada ya mwendo wa kilomita kama 100 kwa reli. Tambarare hukoma, mabonde hubana, na majabali ya mawe ya chokaa huinuka juu ya misonobari. Hapo ndipo kilipo kipito cha Semmering, mita 984 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa majimbo ya Austria ya Chini na Styria. Siku za Jumapili treni hushusha watu waliovaa viatu vizito na kubeba mikoba mgongoni. Wengi wao hawana shughuli yoyote upande wa pili wa mlima. Wamekuja kutembea tu, kuifuata njia ya miguu inayokwenda sambamba na reli ya kale na madaraja yake ya matao. Kwa karne nyingi mwenyeji wa bonde hili angewashangaa watu wa namna hiyo. Mlima ulikuwa kizuizi, na kila zama zilijipima kwa namna zilivyokikabili.

Katika karne ya 12 palikuwa msitu mnene, na aliyeuvuka alihofia theluji na wanyang'anyi. Mwaka 1160 Ottokar III, mtawala wa Styria, alianzisha upande wa kusini nyumba ya kuwapokea mahujaji na wasafiri, na kijiji kilichokua kando yake kinaitwa Spital am Semmering hadi leo. Upande wa kaskazini, katika koo la bonde, ulisimama mji mdogo wa Schottwien. Mji huo uliishi kwa ugumu wa mlima: hapo ndipo walipofungwa maksai na farasi wa ziada, ndipo walipolala wachukuzi, na ndipo mhunzi alipokuwa hakosi kazi. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia tano, na kipito hicho hakikuwa na sababu ya kubadilika hadi bahari ilipoanza kukivuta.

Bahari hiyo ilikuwa Adria. Mwaka 1719 Kaisari Karl VI aliitangaza Trieste kuwa bandari huru, kwa kuwa dola ya Habsburg ilitaka mlango wake yenyewe wa biashara ya ng'ambo. Bandari bila barabara ni gati tupu, kwa hiyo mwaka 1728 barabara ya magari ya kukokotwa ilifunguliwa juu ya Semmering, na mnara wa kumbukumbu ya Kaisari ungali kileleni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kusita kidogo hapa. Riale za fedha zenye sura ya Maria Theresa, binti wa Karl VI, na mwaka 1780, ambazo babu zetu wa Unguja na Mombasa walizipokea katika biashara ya pembe na karafuu, zilifuliwa kwa wingi Vienna, na Trieste ilikuwa mojawapo ya milango yake mikubwa ya kutokea kwenda Mashariki. Barabara iliyolazwa juu ya mlima huu ilikuwa sehemu ya mkondo uliofika mbali kuliko walivyojua wapiga mawe wa Schottwien.

Barabara mpya, yenye mteremko wa taratibu zaidi, ilikamilika mwaka 1841, lakini zama zake zilikuwa zinakwisha tayari. Mwaka 1842 reli kutoka Vienna ilifika Gloggnitz, chini ya mlima upande wa kaskazini. Mwaka 1844 reli nyingine ikaunganisha Mürzzuschlag, upande wa kusini, na Graz. Kati ya vituo hivyo viwili palibaki pengo lisilozidi kilomita 21 kwa mstari ulionyooka. Abiria alishuka garimoshi, akapanda gari la farasi, akavuka mlima, kisha akapanda garimoshi tena. Kwa dola iliyokuwa ikishindania njia za biashara, pengo hilo lilikuwa aibu na hasara.

Aliyepewa kazi ya kuliziba ni Carl von Ghega, mzaliwa wa Venice wa mwaka 1802, mwenye asili ya Kialbania, aliyepata shahada ya juu ya hisabati Padua angali kijana. Mwaka 1842 alitumwa Marekani, akaona jinsi reli ya Baltimore na Ohio ilivyopandisha treni mwinuko mkali kwa nguvu ya mvuke peke yake. Aliporudi alishikilia jambo ambalo wahandisi wengi wa Ulaya walilikana: kwamba Semmering ingeweza kuvukwa kwa magurudumu laini juu ya reli laini, bila kamba za kuvutia treni. Mpango wake uliruhusu mwinuko wa mita 25 katika kila mita 1,000 na kona za nusu kipenyo cha mita 190. Kichwa cha treni cha kuyaweza hayo hakikuwa kimeundwa bado. Kwa maoni yangu hapa ndipo ukubwa wa Ghega ulipo kuliko katika daraja lolote: alijenga njia kwa ajili ya mashine iliyokuwa bado kuzaliwa.

Idhini haikuletwa na hesabu zake peke yake. Mwaka 1848 mapinduzi yalitikisa Vienna, na maelfu ya wasio na kazi walijaa mitaani. Serikali iliogopa mikono hiyo mitupu, na katikati ya mwaka huohuo wa ghasia ikaamuru ujenzi uanze. Ndiyo maana reli ya Semmering, ambayo kadi za watalii huionyesha kama tunda la fikra tulivu, ni pia tunda la hofu ya watawala.

Kazi ilidumu miaka sita. Wakati wa kilele palikuwa na watu wapatao 20,000, wanaume kwa wanawake, kutoka Bohemia, Moravia, nchi za Italia na kwingineko. Dinamiti haikuwapo bado. Miamba ilitobolewa kwa patasi na nyundo, kisha ikapasuliwa kwa baruti nyeusi. Mwaka 1850, kwenye jabali la Weinzettelwand, mwamba ulianguka na kuua wafanyakazi 14, na baada ya hapo njia ikaingizwa ndani ya jabali badala ya kupita ubavuni mwake. Hata hivyo mwamba haukuwa muuaji mkuu. Homa ya matumbo na kipindupindu viliwapitia watu katika mabanda yaliyosongamana, na waliokufa wanakadiriwa kufikia 700. Wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote anachouziwa mgeni kituoni.

Walichoacha ni njia ya kilomita 41 yenye mahandaki 14, madaraja makubwa 16 ya matao, kadhaa kati yake ya ghorofa mbili, na madaraja madogo ya mawe zaidi ya 100. Matofali yapatayo milioni 65 yalitumika. Katika madaraja yake makubwa Ghega alikataa chuma. Alichagua jiwe na tofali, kwa sababu alitaka kazi idumu na kwa sababu jiwe lilikuwa palepale bondeni. Handaki la kileleni, lenye urefu wa zaidi ya mita 1,400, lilikuwa kazi ya kutisha kwa wakati wake. Lakini jicho huvutwa kwanza na daraja la Kalte Rinne: mita 184 kwa urefu, mita 46 kwa kimo, matao 5 chini na 10 juu, nalo lote limepinda katika kona. Mzigo wa treni katika kona husukuma nje, na fundi aliyepanga matofali hayo alipaswa kulijibu sukumizo hilo kwa uzito wa nguzo tu. Limelijibu kwa zaidi ya miaka 170.

Mashine nayo ilitafutwa kwa mashindano. Mwaka 1851 vichwa vinne vya treni vilipandishwa sehemu ya njia iliyokwisha kujengwa: Bavaria, Wiener Neustadt, Seraing na Vindobona. Vyote vilitimiza masharti, na Bavaria, kilichotengenezwa na kiwanda cha Maffei cha Munich, kikatwaa zawadi ya ducat 20,000. Hata hivyo hakuna hata kimoja kilichofaa kwa kazi ya kila siku. Mhandisi Wilhelm von Engerth ndiye aliyechukua mafunzo ya vyote vinne na kubuni kichwa kilichoweza kweli. Tarehe 17 Julai 1854 abiria wa kawaida walivuka Semmering kwa treni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1857 njia ikafika Trieste, na Vienna ikaunganishwa na bahari. Mwaka uliofuata serikali, ikiwa na uhaba wa fedha, iliikabidhi njia hiyo nzima, Reli ya Kusini, kwa kampuni binafsi. Ghega alifariki mwaka 1860.

Hapo historia ikageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Reli iliyojengwa ili watu wapite mlimani upesi iliwafanya waanze kushuka njiani. Abiria aliyetazama majabali kupitia dirishani alitamani kuyagusa, na kampuni ya reli ikaiona faida: mwaka 1882 ilifungua Südbahnhotel juu ya Semmering. Mwaka 1888 Vinzenz Panhans akafungua hoteli yake, ambayo nayo ilipanuka hadi kuwa jumba kubwa. Matajiri wa Vienna walijenga nyumba za mapumziko, waandishi wakafuata. Peter Altenberg alikitolea kipito hiki kitabu kizima. Jiji nalo lilikuwa limekwisha kuutegemea mlima kwa jambo la lazima zaidi, kwani tangu mwaka 1873 maji ya chemchemi za Rax na Schneeberg, milima jirani, hutiririka kwa mfereji hadi mabombani Vienna. Schottwien tu ndio uliopoteza. Farasi wake hawakuhitajika tena, na reli ilipita juu yake bila kuusalimu.

Kutembea milimani kwa starehe kulianza kama desturi ya wenye nafasi. Chama cha Alps cha Austria kiliundwa Vienna mwaka 1862, na Klabu ya Watalii mwaka 1869. Vyama hivyo vilichora ramani, vikajenga vibanda vya kulala na kupaka alama za njia. Mwaka 1895, Vienna hiyohiyo, kilizaliwa chama cha namna nyingine: Naturfreunde, cha wafanyakazi, mwalimu na mhunzi wakiwa miongoni mwa waasisi pamoja na mwanafunzi Karl Renner. Waliona kuwa mfanyakazi wa kiwandani naye anastahili hewa ya mlimani siku yake moja ya kupumzika. Bila tiketi ya treni wazo hilo lisingekuwa na miguu. Mtembeaji wa kisasa ni mtoto wa reli kama vile yalivyo mahoteli, ingawa hupenda kujiona amezikimbia mashine.

Karne ya 20 iliuonyesha mlima uso mwingine. Mwaka 1918 dola ilivunjika, Trieste ikawa ya Italia, na Reli ya Kusini ikakatwa mipakani. Vibanda na njia za milimani navyo viliingiwa na sumu ya siasa: mwaka 1921 tawi kuu la Vienna la chama cha Alps liliwafungia mlango Wayahudi, na mwaka 1924 tawi la Donauland, lililokuwa na wanachama wengi wa Kiyahudi, likafukuzwa katika chama. Naturfreunde walipigwa marufuku mwaka 1934. Walipoingia Wanazi mwaka 1938, wageni na wenye hoteli wa Kiyahudi waliokuwa uhai wa Semmering walinyang'anywa na kufukuzwa. Majira ya kuchipua ya mwaka 1945 mstari wa vita ulisimama hapa hapa. Karl Renner, aliyekuwa akiishi Gloggnitz, mzee wa miaka 74, alijitokeza mbele ya jeshi la Kisovyeti na baada ya muda mfupi akaongoza serikali mpya ya Austria. Kisha kwa miaka kumi kipito kikawa mpaka kati ya eneo la Wasovyeti na eneo la Waingereza, na abiria walikaguliwa vitambulisho mahali walipokuwa wakishuka na fimbo za kutembelea.

Amani iliporudi, umeme uliwekwa njia nzima mwaka 1959 na moshi ukakoma. Mwaka 1967 Austria ilitoa noti ya shilingi 20 yenye sura ya Ghega upande mmoja na daraja lake upande wa pili. Lakini gari la binafsi na ndege viliwachukua wageni kwenda pwani za mbali, na Südbahnhotel ikafunga milango mwaka 1976. Ilielekea kwamba Semmering ingerudi kuwa mahali pa kupita tu.

Kilichoirudisha ni thamani ya ukale. Mwaka 1998 UNESCO iliiandika reli ya Semmering katika Urithi wa Dunia, reli ya kwanza kupata heshima hiyo, pamoja na mandhari inayoizunguka. Njia ya miguu inayoanzia kituo cha Semmering na kushuka hadi Gloggnitz au Payerbach, zaidi ya kilomita 20, hupita mnara wa kutazamia wa Doppelreiter, kisha mahali ambapo daraja la Kalte Rinne na jabali la Polleroswand huonekana kama yalivyochorwa kwenye noti ile. Mbele yake ni Breitenstein, kisha magofu ya ngome ya Klamm. Anayechoka hupanda treni kituo kinachofuata, na nadhani hilo ndilo jambo la kiungwana kuliko yote katika njia hii.

Wakati huohuo dola ya leo, kama ile ya Karl VI, haitaki kuchelewa. Mradi wa kwanza wa handaki la chini ulikwama miaka ya 1990 kwa mabishano juu ya maji na mazingira. Mpango mpya ulianza mwaka 2012: handaki la kilomita 27.3 kutoka Gloggnitz hadi Mürzzuschlag, lililotobolewa lote kufikia mwishoni mwa 2024 na kutarajiwa kufunguliwa mwaka 2030. Treni za kasi na mizigo mizito zitapita gizani chini ya mlima. Reli ya Ghega haitafungwa. Imekusudiwa kubaki na treni za mkoa na za wageni, na matofali yake yataendelea kukarabatiwa kwa fedha za umma. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya biashara ya bahari itahudumia zaidi watu wanaoshuka Breitenstein asubuhi na kurudi Vienna jioni, na nauli zao peke yake hazitatosha kulipia ukarabati huo.