Mwalimu, unaitwa kufundisha shule mpya ya kimataifa nje ya nchi? Haya ndiyo mambo ya kupima

Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Shule mpya ya kimataifa inafunguliwa Dubai, Muscat au Bujumbura, na inatafuta walimu wa hisabati, sayansi, Kiingereza na Kiswahili. Mshahara ni wa dola, nyumba bure, tiketi bure, na mwisho wa kuomba ni Ijumaa.

Kwa mwalimu aliyepo Kasulu, Uvinza au Kigoma Ujiji, mwenye miaka kadhaa kazini na familia inayomtegemea, tangazo kama hili linaweza kuwa nafasi halali ya kusogea mbele. Linaweza pia kuwa shule ya kweli ambayo haitamaliza mwaka wa pili, au mtego wa matapeli. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha, na nini cha kupiga hesabu kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Jina "kimataifa" halithibitishi kitu

Mtu yeyote mwenye jengo anaweza kuandika neno "kimataifa" kwenye bango la shule. Cha kuangalia ni mambo mawili: kibali cha wizara ya elimu ya nchi husika, na mtaala.

Shule nyingi za aina hii hufuata mitihani ya Cambridge ya Uingereza au mtaala wa IB, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Shule haiwi ya IB kwa kujitangaza. Kwanza huwa mwombaji, kisha hukaguliwa, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka miwili hadi mitatu. Orodha ya shule zilizoidhinishwa na zile zinazosubiri ipo wazi kwenye tovuti ya IB, na unaweza kuifungua kwa simu. Shule iliyofunguliwa mwaka huu ikikwambia tayari imeidhinishwa, itafute kwenye orodha hiyo. Ikikwambia bado inasubiri, hilo si kosa. Ni ukweli unaokusaidia kuamua.

Shule mpya ina hatari zake na faida zake

Shule ya miaka ishirini ina wanafunzi, ina akiba, na ina walimu wa zamani unaoweza kuwauliza. Shule mpya binafsi inategemea ada. Kama ilipanga kupata wanafunzi 300 na wamekuja 90, mshahara wa mwalimu ndio huanza kuchelewa. Jengo linaweza kuwa halijaisha, maabara haina vifaa, na wewe uliyeajiriwa kufundisha kemia ukajikuta unafundisha fizikia, hisabati na kusimamia bweni.

Faida nazo zipo. Walimu wa kwanza hupanda vyeo haraka, hushiriki kupanga ratiba na masomo, na hupata mafunzo ya mtaala mpya ambayo wataondoka nayo popote. Kwa mwalimu kijana asiye na mzigo mkubwa nyumbani, miaka miwili ya namna hiyo inaweza kumfungulia milango mingine.

Kwa hiyo uliza maswali haya, na uombe majibu kwa maandishi:
- Mmiliki ni nani, na ana shule nyingine wapi?
- Wanafunzi wangapi wamekwisha kuandikishwa na kulipa?
- Mkuu wa shule ni nani, na ninaweza kuzungumza naye kwa simu ya video?
- Walimu wangapi wamekwisha kusaini mkataba? Niunganishwe na mmoja wao.
- Shule isipofunguliwa kwa tarehe iliyotajwa, mshahara wangu unaanza lini?

Shule ya kweli haikasiriki ukiuliza. Inayokujibu "harakisha, nafasi zinaisha" imekwisha kukujibu.

Dalili za utapeli

Dalili ya kwanza ni kuombwa pesa. Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani ni kwamba gharama za kuajiri hazipaswi kubebwa na mfanyakazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 nayo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama hizo, na kumnyang'anya hati zake. Ukiambiwa utume "pesa ya viza" kwa namba ya simu, simama hapo hapo.

Dalili ya pili ni kusafirishwa kwa viza ya utalii ukiahidiwa kwamba "kibali utakipata ukifika". Viza ya utalii si kibali cha kazi. Ukikamatwa unafundisha nayo, mwenye kosa ni wewe.

Dalili ya tatu ni kazi kubadilika njiani. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi za Thailand. Vijana waliitikia, wakavushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Wakenya na Waethiopia, walitolewa kwenye kambi hizo. Wengi wao walikuwa watu waliosoma.

Kwa hapa nyumbani, wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni chini ya sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira. Uliza kwenye ofisi ya kazi ya mkoa au kitengo cha huduma za ajira kilicho chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kama wakala wako anatambulika. Tanzania pia ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na polisi wanapokea taarifa hizo.

Soma mkataba, kisha piga hesabu

Usisaini mkataba usioelewa lugha yake. Tafuta humo mshahara wa msingi, posho, idadi ya miezi inayolipwa, nyumba, bima ya afya, tiketi ya kurudi, muda wa majaribio na masharti ya kuvunja mkataba. Mshahara wa msingi una uzito wa pekee. Kwa mfano, Falme za Kiarabu hukokotoa kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Mkataba wenye posho kubwa na msingi mdogo unapunguza pesa yako ya mwisho.

Tuchukue mfano. Tuseme umeahidiwa dola 1,200 kwa mwezi, na dola moja ni Sh 2,500. Hiyo ni Sh 3,000,000, inaonekana nyingi. Lakini nyumba haimo kwenye mkataba. Kodi ni dola 500, chakula 220, usafiri 80, jumla 800. Unabaki na 400. Sasa tuseme mkataba unalipa miezi 10 tu. Kwa miezi hiyo utabakiza dola 4,000, na miezi miwili ya likizo utatumia 1,600 bila kuingiza kitu. Kwa mwaka mzima umebakiza dola 2,400, sawa na 200 kwa mwezi, yaani Sh 500,000. Kama hapa Kigoma unaishi kwenye nyumba yako, unalima mihogo na una michikichi, na kila mwezi unabakiza Sh 300,000, faida halisi ya kuondoka ni Sh 200,000. Na hapo hatujahesabu kuishi mbali na watoto.

Kama mshahara ni wa faranga za Burundi, uliza pia utalipwa kwa bei gani ya dola. Wafanyabiashara wa Manyovu wanajua kwamba bei ya benki na bei ya mtaani si moja.

Jirani au mbali

Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Hata hivyo haikufuta vibali vya kazi: kila nchi imeorodhesha kada ilizozifungulia milango, na mkataba wa zaidi ya siku 90 unahitaji kibali. Kigoma mjini zipo ofisi za konseli za Burundi na za Kongo. Anza kuuliza huko kabla ya kuvuka.

Kwa nchi za mbali, maandalizi ni marefu zaidi. Pasipoti ni Sh 150,000. Utahitaji uthibitisho wa matokeo kutoka NECTA au chuo chako, vyeti kugongwa mhuri Wizara ya Mambo ya Nje na kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda, na cheti cha polisi cha tabia njema chenye alama za vidole. Shule nyingi zinataka shahada pamoja na uzoefu wa miaka miwili. Mwenye stashahada aulize mapema kama anakubalika.

Kazi uliyo nayo

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu wa serikali anayeondoka kimya kimya anahesabiwa mtoro. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunaweza kukufukuzisha, na rekodi hiyo itakufuata ukitaka kurudi. Pita kwa mwajiri wako, yaani halmashauri, na kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Uliza kama unaweza kupewa likizo bila malipo. Ukikataliwa, jiuzulu kwa barua na kwa notisi.

Uliza PSSSF au NSSF michango yako itakuwaje. Na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, ile asilimia 15 iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara haitakatwa tena yenyewe, ila deni linabaki palepale. Panga namna ya kulilipa ukiwa huko.

Nani aende, nani asubiri

Ukiwa huna ajira ya kudumu, vyeti vyako vimekamilika, shule ina kibali, mkataba unaeleweka na umezungumza na mwalimu aliyekwisha kusaini, hatari yako ni ndogo na faida inaweza kuwa kubwa. Ukiwa na ajira ya serikali, watoto wadogo na wazazi wanaokutegemea, si vibaya kusubiri shule imalize mwaka wake wa kwanza. Ikiwa imara, mwakani itatafuta walimu tena.

Ukiamua kwenda, mwachie mtu wa nyumbani nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya viza, pamoja na anuani kamili ya shule. Ukifika, jiandikishe ubalozi wa Tanzania. Na weka pembeni nauli ya kurudi, pesa usiyoigusa kwa jambo lingine lolote. Mwenye nauli mfukoni anaweza kukataa kazi mbaya.